Toleo la Bonde

Swali lililonipeleka Mtowisa liliandikwa kwa penseli, pembeni mwa orodha ya marejeo kwenye tasnifu yangu. Lilikuwa na maneno matatu tu: "Huyu ni nani?" Mshale ulitoka kwenye swali ukaenda kuligusa jina la fundi kompyuta wa Milanzi, niliyekuwa nimempanga katikati ya maprofesa kwa kufuata alfabeti, kama mwongozo wa chuo ulivyotaka.

Fundi huyo hakuwahi kuandika kitabu wala makala. Alikuwa na chumba kimoja ndani ya jengo lililokuwa ghala la ushirika, enzi zile ushirika ndio ulionunua mahindi yetu. Soko lilipoachiwa huria na wanunuzi binafsi wakaanza kuleta malori yao mpaka mashambani, ghala lilibaki tupu, kisha likagawanywa kwa mbao kuwa vyumba vidogo: hiki cha mitumba, hiki cha dawa za mifugo, hiki cha kinyozi, na cha mwisho kabisa cha fundi. Ukiingia humo ulikutana na harufu ya mahindi na harufu ya waya ulioungua kwa pamoja. Kompyuta yangu niliinunua kwake, nayo ilikuwa ya mtumba kama shati nililovaa siku hiyo.

Ndani ya kompyuta hiyo alikuwa ameniwekea programu ya kuchambua takwimu.

"Hii ni ya bure, dada," aliniambia. "Inaitwa programu huria. Na mapishi yake yamo humo humo. Ukitaka kuibadilisha unaibadilisha, hakuna wa kukushika."

Sikumwamini. Ilikuwa miaka ambayo tulikuwa tukifundishwa kila siku kwamba hakuna cha bure. Shule ilikuwa na mchango wake, hospitali ilikuwa na dirisha la malipo, hata choo cha stendi kilikuwa na mtu mlangoni. Halafu mtu ananiambia kuna watu huko duniani wametengeneza kitu kizito namna hiyo, wakakigawa pamoja na maelezo ya jinsi walivyokitengeneza. Nilidhani ananiuzia mbuzi kwenye gunia. Nikaijaribu, ikafanya kazi, nikaacha kuuliza.

Nilikuwa mtumishi wa kituo kimoja cha kilimo, nimepewa ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya pili kwenye chuo kilicho mwendo wa siku mbili kwa basi. Masomo ya darasani nilisoma huko, utafiti nikaufanyia nyumbani Ufipa. Nilitaka kulinganisha ulezi wa shamba la intumba na ulezi wa shamba la plau. Asiyejua intumba nimweleze: mvua zikiwa zinakaribia kwisha, unakata nyasi, unazikusanya mafungu mafungu, unayafunika kwa udongo mpaka shamba zima linakuwa na matuta ya mviringo. Juu yake unapanda maharage. Nyasi zinaoza ndani kwa ndani, na msimu unaofuata unayavunja matuta, unausambaza ule udongo mweusi, unamwaga ulezi. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Plau ya ng'ombe inamaliza shamba lile lile kabla wewe hujamaliza kona moja. Ofisi za kilimo zilitaka kujua kama mgongo wa mkulima unavunjika kwa faida au kwa mazoea.

Matokeo yangu yalisema kwa mazoea. Intumba zilishindwa vibaya. Nilikwenda kijijini kumweleza mama, maana shamba lake lilikuwa mojawapo ya niliyoyapima.

"Kama intumba hazizai," aliniuliza, "wewe ulikua kwa kula nini?"

Nikamweleza habari ya wastani, na habari ya kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja si ushahidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa, kwa nini nilimtaja fundi? Kwa sababu nimelelewa na mama huyo huyo. Kijijini kwetu mbegu ya ulezi haiuzwi kati ya majirani, inaombwa. Lakini ukiulizwa shambani mbegu hii ni ya nani, humtaji aliyeianzisha, maana nani anamjua. Unautaja mkono uliokupa. Mbegu ikiota vizuri, sifa zinarudi kwenye mkono ule, na ikigoma, unajua uende mlango gani kulalamika. Kwa hiyo nilipofika kwenye marejeo, nikakuta mwongozo wa chuo unaeleza namna ya kutaja kitabu, gazeti, hata hotuba, lakini hausemi lolote juu ya programu, nilifanya nilivyofunzwa nyumbani. Nikaandika jina la fundi, mwaka, jina la programu, na mahali pa mchapishaji nikaweka "Milanzi, Sumbawanga". Niliona nimefanya jambo la kistaarabu kabisa.

Msimamizi wangu aliponipigia simu ofisini alicheka mpaka nikaanza kukasirika.

"Umemtaja fundi wa kompyuta kama mwandishi?"

"Ndiye aliyenipa, mwalimu."

"Na kalamu yako ulipewa na nani? Itaje nayo."

"Kalamu haikunifanyia hesabu, mwalimu."

Akaacha utani. Mtahini wa nje, mwenye penseli ile, alitaka kurudia hesabu zangu mwenyewe, na hakuweza, kwa sababu hakujua nimetumia programu ipi, toleo lipi, la akina nani. Jina la programu nililoliandika nalo lilikuwa la mtaani, alivyozoea kuiita fundi. Bila majibu hayo tasnifu isingepelekwa kwenye kikao cha utetezi, na kikao kikipita ningengoja mwakani. Mwakani kwangu hakukuwepo. Ruhusa yangu ya masomo ilikuwa inakwisha, na miaka ile wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa kila mahali. Kituo kilikuwa kimeshaniambia waziwazi kwamba nikirudi bila shahada nafasi yangu itafutwa. Nilikuwa na mwezi mmoja na kidogo wa kujua programu yangu ni ya nani.

Nilikasirika siku nzima. Siku ya pili hasira ikaanza kuchanganyika na kitu kingine. Ni kweli, huyu ni nani? Ni mtu gani anayeketi akatengeneza kitu cha kuhesabu ulezi wa watu asiowajua, akaondoka bila kudai hata senti? Na kwa nini mimi, ninayejiita mtafiti, nilikaa nayo miaka miwili bila kutaka kumjua? Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku, lakini tunasema zaidi kuliko tunavyouliza.

Nilianza kwa fundi.

"Mambo, dada msomi."

"Poa. Nimekuweka kwenye tasnifu yangu na sasa chuo kinataka kujua wewe ni nani."

Aliacha kila alichokuwa akikifanya. Akanitaka nimwonyeshe. Akausoma ukurasa, akalipitisha jicho kwenye jina la juu yake na la chini yake, wote watu wa vyuo vikubwa.

"Yaani nimo humu? Pamoja na hawa?"

"Umo, lakini kwa makosa. Programu si yako."

"Sijawahi kusema ni yangu," alisema. "Ila usinitoe. Nisogeze tu pembeni."

Tukaketi mbele ya mashine. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kuiuliza programu yenyewe. Akafungua sehemu ya msaada, tukasoma pamoja, tukikwama kwenye Kiingereza chake tunasaidiana, mpaka tukakuta kwamba kuna neno moja ukiliandika na kubonyeza, programu inakuambia itajwe vipi. Nikaliandika. Ikaandika majina ya watu wa nchi ya mbali, jina lake rasmi, mwaka, mahali inapopatikana, na chini yake sentensi ya kiungwana ikisema kwamba watengenezaji wametumia muda wao mwingi, hivyo ukiitumia katika kazi ya kitaaluma, tafadhali wataje. Nilijisikia kama mpangaji aliyelala kwenye chumba miaka miwili bila kumsalimia mwenye nyumba.

Hapo ningeweza kunakili na kuondoka. Kilichonizuia ni namba ya toleo. Ilikuwa namba kama namba nyingine, yenye nukta zake, lakini mwishoni mwake kulikuwa na kistari na neno moja la Kiswahili: bonde.

"Hili wameliweka wao?" nilimuuliza fundi.

"Hao? Wangelijulia wapi?"

Kulikuwa na chumba cha intaneti karibu na stendi, kina mashine mbili, moja ikiwa nzima. Nikawaandikia wale watu wa mbali kwa Kiingereza changu cha ripoti. Nikawaeleza mimi ni nani, ninahesabu nini, na ninawaomba wanifundishe kuwataja. Sikutegemea jibu. Mtu anayegawa kitu bure kwa dunia nzima hawezi kumjibu kila mtu. Nilipopita tena baada ya siku chache nilikuta wamejibu, tena kwa furaha. Walisema taja majina yetu, jina la programu, toleo kamili, mwaka, na mahali ulipoipata, kwa sababu matoleo hayahesabu sawasawa, na msomaji asiyejua toleo hawezi kukufuata. Kisha wakaongeza kwamba toleo lenye neno lile si lao. Mtu amelibadilisha. Anaruhusiwa, na amefanya vema kuliwekea alama, lakini jua kwanza alichobadilisha ndipo uziamini namba zako. Mwishoni waliuliza "bonde" maana yake nini. Nikawajibu kwamba ni ardhi iliyo chini, kati ya milima, na kwamba kwetu tuna moja.

Nikarudi Milanzi mbio. Fundi alikuna kichwa, akatazama rundo la mashine zake kama vile mojawapo ingemkumbusha, na kweli akakumbuka. Aliwahi kuletewa kompyuta ya ofisi ya mifugo ya Mtowisa, kule chini bondeni, imeungua upande wa umeme. Alipoitengeneza akaiona ile programu, akaipenda, akainakili kwenye diski kabla hajairudisha. Wateja waliohitaji takwimu akawa anawawekea. Tulikuwa wawili tu, mimi na bwana mmoja aliyehama.

"Hukuomba?" nilimuuliza.

"Si ni huria, dada?"

Niliondoka Sumbawanga nimevaa sweta, kwa lori lililokuwa likienda kufuata mpunga. Unaposhuka kutoka uwanda wa juu kwenda bonde la Rukwa, sweta ndilo la kwanza kukuelemea. Kwenye kona za juu unalivua, katikati unalikalia, na ukifika chini unashangaa ulilibeba la nini. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua za mwaka uliotangulia, na mara mbili tulishuka wote tukasukuma. Nilikuwa na diski yenye takwimu zangu kwenye mkoba, nimeiviringisha kwenye kitenge. Njia nzima nilijaribu kumwazia mtu aliyeweza kukaa kwenye joto hili akaingia ndani ya programu ya Wazungu na kuigeuza.

Alikuwa daktari wa mifugo, mwembamba, mtaratibu, mtoto wa wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi yeye akiwa mdogo. Nilipomwambia nimefuata neno "bonde", aliinuka akavuta kiti kingine, akaagiza maji ya kunywa.

"Nimengoja sana mtu aulize," alisema. "Nilidhani atakayeliona ataniuliza."

"Nimekuja kukuuliza, daktari."

"Umechelewa kidogo, dada, lakini karibu."

Programu aliipata kwenye semina, kwa mkono wa watengenezaji wenyewe, na mapishi yake akayasoma jioni kwa jioni kwa sababu, kama alivyosema, bondeni ukishafunga ofisi hakuna kingine cha kusoma. Na alichobadilisha kilikuwa kitu kimoja. Programu ya awali, ikikuta mahali pasipo na namba, ilikuwa inaparuka. Yeye aliiambia ipasome kuwa sifuri.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo," alisema. "Nikimwendea mzee nikamuuliza ndama wangapi wamepona msimu huu, akiwa nao atanitajia, hata kama atapunguza kidogo. Kama wamekufa wote, hatasema hakuna. Neno hilo halitamkwi zizini. Atanyamaza. Nami siwezi kuandika neno ambalo mwenyewe hakulisema, kwa hiyo naacha wazi. Sasa programu ikawa inawaruka wale wazee wote waliofiwa na ndama, halafu inaniambia bonde zima lina neema. Nikaona hii haijui kwamba mtu akinyamaza amejibu. Nikaifundisha."

Kwa ng'ombe wake alikuwa sahihi, au ndivyo tulivyodhani siku hiyo. Mimi nilikuwa nawaza wanawake wangu. Kwenye takwimu zangu kulikuwa na mahali wazi pengi, na karibu pote palikuwa pa mashamba ya intumba. Mwenye shamba moja alikuwa amevuna kabla sijafika na mizani, kwa sababu baba mkwe alifariki na pombe ya matanga ilihitaji ulezi. Mwingine alivuna kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mtoto. Mwingine hakuwa na sababu, ulezi ulikuwa umeiva tu na nyumbani hakukuwa na kitu. Nami, kwa uaminifu wangu wote wa kitaaluma, sikutaka kubuni namba ambayo sikuipima. Nikaacha wazi. Ulezi ulioiva kwanza ndio ulioliwa kwanza, na ulioiva kwanza ulikuwa wa intumba. Mashamba yaliyotangulia kuwalisha watu yalikuwa yamesomwa kuwa hayakuzaa hata punje. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekibeba kwenye kitenge kutoka Sumbawanga.

Nilimkasirikia. Nilimwambia angeandika maelezo marefu, si neno moja. Aliniambia aliandika, yapo kwenye faili la maelezo ambalo kila mtu analiruka, nililiruka na mimi. Nikanywa maji yake.

Akarudisha mstari wa programu alioubadilisha ulivyokuwa mwanzo, akanipa nafasi mbele ya mashine, nikaweka diski yangu. Hesabu ilichukua muda wa kufuta jasho usoni. Intumba na plau zilikaa karibu karibu, tofauti yao ndogo kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili angeijengea hoja. Nikairudia. Ikatoka vile vile. Nilikuwa nimeshuka bondeni nikiwa na ugunduzi, na sasa sikuwa nao, lakini kifua changu kilikuwa chepesi kuliko siku yoyote tangu nianze kuandika ile kazi.

Tulipoachana nilimwambia sitamtaja kwa jina. Nilisema nitaandika kwamba toleo hili lilibadilishwa na mtu fulani. Mashine ilikuwa ya serikali, na nilijua watu wanavyopenda kumtafuta wa kumlaumu.

"Andika jina langu," alisema. "Mtu fulani hawezi kuulizwa."

Kabla sijasafiri kwenda chuoni nilipita kijijini. Mama alikuwa anapepeta maharage uani. Nilimwambia nimekosea hesabu, nimerekebisha, na kwamba intumba na plau ni sawa.

"Sawasawa?"

"Sawasawa, mama."

"Na hilo lilitaka shahada ya pili," alisema, akaendelea kupepeta. Lakini jioni hiyo nilimsikia akimweleza jirani kwamba binti yake amekwenda mpaka bondeni kuhakikisha. Nilifurahi mno, nikajifanya sikusikia.

Msimamizi wangu hakufurahi hivyo. Aliposoma sura mpya aliniita, akaniambia sasa tasnifu yangu haina habari. Nikamwambia ni habari kwa mwenye mgongo: akiamua kuendelea na intumba hapotezi, na akiamua kushika plau hapotezi pia, asitishwe na mtu. Hilo alilikubali shingo upande. Kisha akafika kwenye marejeo. Nilikuwa nimeandika kwanza watengenezaji wa mbali, kama walivyonielekeza, jina la programu, toleo, mwaka, na mahali ilipotoka. Halafu nikaendelea: toleo la bonde, limebadilishwa na fulani wa Mtowisa, ambalo husoma mahali patupu kuwa sifuri, na ndilo lililotumika katika rasimu ya kwanza; nakala imepatikana kwa fulani, Milanzi; hesabu za mwisho zimefanywa kwa toleo la awali. Humo niliyaandika majina yote kamili.

"Waache hao wa nje," alisema. "Hao wa kwenu watoe. Mstari ni mrefu, na kikao kitauliza maswali ambayo hayana faida kwako. Unataka shahada au unataka ubishi?"

"Vyote, mwalimu."

"Kimoja unaweza kukikosa."

Nilijua kipi. Usiku wa kuamkia kikao nililala nikiwa nimeshika penseli, nimeamua kuyafuta majina yale, nikaamka nimeamua kuyaacha. Sikuwa shujaa. Nilitaka tu kujua, kama ningekuwa mimi ndiye msomaji, ningemfuata nani.

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu na watu watano. Mtahini wa nje nilimtambua kwa penseli yake. Aliniuliza mengi kuhusu ulezi, nikajibu, kisha akafungua ukurasa wa marejeo na kuuweka mbele yake.

"Huyu wa kwanza nimempata. Nimechukua programu yake, nimerudia hesabu zako, zimetoka kama zako. Huyu wa Mtowisa wa nini? Hukumtumia mwishoni."

"Nilimtumia mwanzoni, na rasimu ya mwanzoni mliisoma ninyi. Mkiona namba zimegeuka, mnayo haki ya kujua zimegeukia wapi."

"Na wa Milanzi?"

"Ndiye anayejua nani mwingine anayo ile nakala. Yupo mmoja, amehama."

Mjumbe mmoja akasema tukianza hivi, kesho wanafunzi watataja mpaka aliyewauzia karatasi. Mwingine akasema karatasi haihesabu. Msimamizi wangu alitazama meza. Mwenyekiti akaniomba nitoke nje washauriane.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikuwa ameketi daktari wa mifugo wa Mtowisa, amevaa koti la suti kwenye joto la mchana, mfuko wa rambo kwenye magoti. Nilidhani nimechanganyikiwa. Tarehe nilimtajia mimi mwenyewe, kwa kuaga tu. Alikuwa amesafiri siku tatu, na ofisini kwake alidanganya kwamba shemeji yake anaoa.

"Umekuja kunitetea, daktari?"

"Hapana, dada. Nimekuja kuuliza." Akatoa majedwali yake kwenye mfuko. "Tangu uondoke sina raha. Kama mahali pako patupu hapakuwa sifuri, pangu je? Nimewaza. Kuna wazee walionyamaza kwa sababu ndama wamekufa. Lakini kuna mwingine alinyamaza, na miezi miwili baadaye mdogo wangu akaoa kwao, na ndama wale wale nikawaona upande wa pili wa mto, kwa mjomba wake. Walikuwa wazima. Aliwahamisha, hakutaka nijue. Mimi nilimwandikia msiba."

"Wapo wengi wa namna hiyo?"

"Ndicho sijui. Na nilishapeleka taarifa kwamba ndama wa bonde wanakufa. Watu wanaitumia."

Nikaketi. Nilimwambia tuanze na wa kwanza. Akaweka kidole kwenye mstari, nikamuuliza mzee huyu alinyamaza vipi, na yeye akafumba macho kukumbuka. Tukagundua kwamba anakumbuka, akawa ananitajia: Huyu alinyamaza akitazama chini na mkewe akaondoka, ndama hao walikufa. Huyu alinyamaza akinitazama usoni na kuniuliza habari za barabara. Huyo alikuwa anaficha. Huyu, sijui. Tukaweka alama tatu tofauti, tukasogea mstari kwa mstari, na nikawa nauliza kwa hamu kiasi kwamba sikumbuki kama niliutazama ule mlango hata mara moja.

Ulipofunguliwa na nikaitwa, nilisema naja, nikamalizia mstari.

Mwenyekiti alinitangazia kwamba nimefaulu, marekebisho ni madogo, na mstari mrefu ubaki kama ulivyo, jina kwa jina. Mtahini wa nje alinipa mkono. Msimamizi wangu alikuwa anatabasamu kama vile wazo lilikuwa lake. Kazi yangu ilikuwa imepona, na niliisikia furaha ikinipanda mpaka machoni. Nikawashukuru mmoja mmoja, kisha nikaomba niruhusiwe kutoka.

"Una haraka gani?" mwenyekiti aliniuliza. "Leo ni siku yako."

Nikamwambia nisamehe mwalimu, kuna ndama hapo nje ambao hatujui kama walikufa au walihamishwa, na tumefika nusu tu.